Kabla Mlango wa Siku 330 Haujafungwa: Ritani za Kodi za Marekani Zilizolala Tulipokuwa Nje

Hii ni hotuba kamili iliyotolewa kwa wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani, wengi wao wakiwa wamerudi karibuni kutoka Afrika Mashariki. Imewekwa hapa kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Wazee wetu, kina mama, kaka na dada zangu, habari za mchana. Asanteni kwa kuacha shughuli zenu kuja kusikiliza habari za kodi siku ya mapumziko.

Tuanze na swali. Ni wangapi humu mna uraia wa Marekani au grinikadi, mkaenda kuishi Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Bukavu, mkakaa huko miaka mitatu, mitano au kumi, na muda wote huo hamkujaza ritani ya kodi ya Marekani hata moja? Msinyooshe mikono, kila mtu ajijibu moyoni. Na swali la pili: mlinyamaza kwa sababu mlikuwa mnaficha kitu, au kwa sababu mlisema, "Mshahara wangu naulipia kodi hukuhuku TRA, hukuhuku KRA, Marekani wananidai nini?"

Wengi wenu jibu ni hilo la pili. Na jibu hilo, ndugu zangu, lina thamani kubwa kisheria, mradi litumike kabla muda wake haujapita.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba Marekani hutoza kodi kwa kumfuata mtu, si kwa kufuata mahali alipo. Raia akiishi Mwanza, mapato yake ya Mwanza yanatakiwa yaonekane kwenye ritani ya Marekani. Mwenye grinikadi vilevile. Na hapa wenye grinikadi wengi huponzwa: kadi ikiisha muda wake, wanadhani na wajibu wa kodi umeisha. Haujaisha. Wajibu huo hudumu mpaka hadhi yenyewe ifutwe rasmi, kwa kuirudisha kwa Fomu I-407 au kwa uamuzi wa serikali au mahakama. Mtu anaweza kukaa miaka minane Tabora na kadi iliyokufa mfukoni, na bado kwa macho ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ni mkazi wa kodi.

Chukueni mfano wa mwalimu. Ni raia wa Marekani, ameolewa Moshi na Mtanzania asiye na namba ya Social Security, ile ya hifadhi ya jamii ya Marekani, analipwa kiasi cha dola 6,000 kwa mwaka. Amesikia kwamba kwa mwaka 2024 mtu asiye na ndoa hahitaji kujaza mpaka mapato yafike dola 14,600. Akatulia. Kumbe aliye kwenye ndoa, ambaye mwenzake si mkazi wa kodi wa Marekani na hawajazi pamoja, kwa kawaida huangukia kundi la wanandoa wanaojaza kila mtu peke yake, na kiwango cha kundi hilo ni dola 5. Dola tano! Na aliyejiajiri, awe na ndoa au asiwe nayo, kiwango chake ni faida ya dola 400 kwa mwaka. Mwalimu huyu hadaiwi kodi hata senti moja, lakini anadaiwa ritani za miaka yote hiyo.

Je, miaka ikipita deni la ritani linajifia? Halijifii. Ukijaza, IRS kwa kawaida ina miaka mitatu tu ya kuikagua ritani yako na kuongeza kodi. Usipojaza, saa hiyo haianzi kuhesabu. Ritani isiyojazwa haizeeki. Inayozeeka ni haki yako wewe: kama Marekani ndiyo inayokudai, una miaka mitatu kutoka tarehe ya mwisho ya kujaza ili upate marejesho yako, na baada ya hapo fedha hizo ni za serikali. Kwa hiyo kimya kinamlinda nani? Hakimlindi mjazaji hata kidogo.

Sasa tuje kwenye kiini cha yote, na hapa naomba simu ziwekwe chini.

Kuna utaratibu wa IRS uitwao Streamlined Foreign Offshore. Ulianza 2012, ukapanuliwa 2014. Unamtaka mtu ajaze ritani za miaka mitatu ya karibuni ambayo tarehe yake ya mwisho imeshapita, ripoti za akaunti za nje za miaka sita, maelezo yake yaliyosainiwa kwenye Fomu 14653, na alipe kodi na riba kama vipo. Faini za kuchelewa hazitozwi. Miaka kumi ya kimya inamalizwa kwa ritani tatu. Hakuna njia iliyo bora kuliko hiyo kwa mtu ambaye hakukusudia kuvunja sheria.

Lakini ina sharti la ukaazi. Katika angalau mwaka mmoja kati ya ile mitatu, uwe ulikuwa nje ya Marekani siku kamili zisizopungua 330, na usiwe na makazi Marekani. Mwaka mmoja tu unatosha. Ila uwe ndani ya ile mitatu.

Mnaona kitanzi kilipo? Muuguzi ameishi Arusha tangu 2014. Amerudi Marekani Agosti 2023 na watoto. Kwanza atafute nyumba, kazi, shule, gari. Kodi itasubiri. Mpaka tarehe 15 Aprili 2026, miaka yake mitatu ni 2022, 2023 na 2024. Mwaka 2022 alikuwa Arusha mwaka mzima, kwa hiyo mlango uko wazi. Tarehe hiyo ikishapita, miaka mitatu inakuwa 2023, 2024 na 2025. Mwaka 2023 alikuwa nje miezi saba na ushee tu, hafiki siku 330. Mlango umefungwa. Hajafanya kosa jipya lolote, kalenda imegeuka tu. Kama aliomba kwa wakati nyongeza ya muda wa ritani ya 2025, mlango hubaki wazi mpaka 15 Oktoba 2026, kwa sababu kinachohesabiwa ni tarehe ya mwisho iliyoongezwa kihalali. Miezi sita hiyo imewaokoa wengi.

Na msidhani kwamba aliyekosa mlango huo atapita ule wa ndani, uitwao Streamlined Domestic, wenye adhabu ya asilimia 5. Ule ni wa watu waliokuwa wakijaza ritani za miaka hiyo mitatu lakini wakaacha kutaja mali za nje. Asiyejaza kabisa hana nafasi pale. Anabaki na njia ya kawaida: kujaza miaka ya nyuma, ambayo kwa desturi IRS hutaka sita, na kukabiliana na faini yenyewe, akiomba msamaha kwa kueleza sababu za msingi.

Hesabuni siku zenu kwa pasipoti, si kwa kumbukumbu. Siku ya kuondoka Marekani na siku ya kuingia si siku kamili za nje. Katika mwaka wa siku 365 unaruhusiwa siku 35 tu zisizo kamili, na katika mwaka mrefu kama 2024, 36. Aliyekuja kwenye harusi wiki tatu na msiba wiki mbili tayari amegusa 35, bado siku za safari. Na wanandoa wanaojaza ritani ya pamoja, wote wawili lazima watimize sharti hilo. Mume akiwa alibaki Minneapolis anaendesha lori huku mke yuko Bujumbura, ritani yao ya pamoja haipiti humo.

Tuzungumzie Fomu 14653, maana hapo ndipo watu wanapoharibu. Sehemu ya maelezo si mahali pa kuandika "Sikujua sheria" na kuweka saini. Maelezo matupu namna hiyo hayakidhi sharti. IRS inataka habari yako: ulihamia lini na kwa nini, ulifanya kazi gani, fedha za kwenye akaunti zilitoka wapi, ulidhani sheria inasemaje na nani alikuambia hivyo, uligundua lini, na ulifanya nini baada ya kugundua. Inataka yanayokupendelea na yasiyokupendelea. Kama kuna mhasibu aliyekushauri vibaya, andika jina lake, anwani yake, simu yake na muhtasari wa ushauri wake. Kutokusudia maana yake ni uzembe, kupitiwa, kukosea, au kuielewa sheria vibaya kwa nia njema. Ndiyo, hata uzembe umo.

Lakini je, vipi kwa yule aliyejua? Aliyeulizwa kwenye ritani, pale Jedwali B linapouliza kama una akaunti nje ya nchi, akaweka alama ya "hapana" mwaka baada ya mwaka huku ana akaunti ya akiba Kigali na amana ya muda maalumu? Huyo asisaini Fomu 14653 kwa haraka. Saini ile ni kiapo. Aende kwanza kwa wakili wa kodi, na ninasema wakili kwa makusudi, kwa sababu mazungumzo yako na mtayarishaji wa ritani hayana kinga kesi ikiwa ya jinai. Kuna njia nyingine kwa ajili ya watu hao, inayoanza na Fomu 14457. Na mtu ambaye IRS tayari imeanza kumchunguza haruhusiwi kuingia Streamlined, hata awe na nia njema kiasi gani.

Bahasha yenyewe hutumwa kwa karatasi kwenda Austin, Texas. Juu ya ukurasa wa kwanza wa kila ritani uandikwe "Streamlined Foreign Offshore" kwa wino mwekundu. Wasipoyaona maneno hayo, ritani itashughulikiwa kama ritani iliyochelewa tu, na faini itakuja. Fomu 14653 halisi yenye saini iwemo, na nakala yake iambatanishwe kwenye kila ritani. Malipo ya kodi na riba yaende pamoja nayo. Msilipe kodi tupu mkingoja bili ya riba. Kila mwaka utumie fomu za mwaka ule ule, kwa maana ritani ya 2022 haijazwi kwenye fomu ya 2024. Asiyestahili kupewa namba ya Social Security aombe ITIN, namba ya mlipakodi inayotolewa na IRS, humo humo.

Tukiingia kwenye hesabu, wengi watashangaa jinsi kodi yenyewe ilivyo ndogo. Fomu 2555 inaruhusu kuondoa mapato ya kazi ya nje: hadi dola 112,000 kwa 2022, dola 120,000 kwa 2023, dola 126,500 kwa 2024. Nani humu alikuwa akilipwa zaidi ya hapo kule nyumbani? Lakini msamaha huo hauji wenyewe. Lazima uuombe kwa kujaza. Ukichelewa na bado kuna kodi unayodaiwa baada ya msamaha, unatakiwa ujaze kabla IRS haijagundua kwamba hukuuomba. Mwenye grinikadi kutoka nchi isiyo na mkataba wa kodi na Marekani, na nchi zetu za Afrika Mashariki hazina, atumie kipimo cha siku 330 ndani ya miezi 12 inayofuatana.

Haya, mitego yake. Wa kwanza ni wa waliojiajiri. Kuna mtu aliyekuwa akiongoza watalii kwa jina lake mwenyewe, faida dola 18,000 kwa mwaka. Fomu 2555 inafuta kodi yake ya mapato yote. Haifuti kodi ya kujiajiri, ile ya Social Security na Medicare (bima ya afya ya wazee), asilimia 15.3 ya sehemu kubwa ya faida. Kwake ni kiasi cha dola 2,543 kwa mwaka, mara tatu, pamoja na riba. Marekani ina mikataba ya hifadhi ya jamii na nchi kadhaa inayoondoa mzigo huu, lakini hakuna nchi ya Afrika yenye mkataba huo. Na kama biashara ni kampuni iliyosajiliwa kule kwa jina lako, kuna Fomu 5471, ambayo faini yake ya kawaida ni dola 10,000 kwa kila fomu iliyokosekana. Kodi sifuri, karatasi moja, dola elfu kumi. Msiifiche kampuni kwa mtayarishaji wenu kwa kuona "haikuingiza kitu".

Mtego wa pili ni nyumba. Pango la nyumba si mapato ya kazi, kwa hiyo Fomu 2555 hailigusi. Linaingia Jedwali E. Toeni matengenezo na gharama nyingine, na toeni uchakavu wa jengo, lakini si wa kiwanja. Jengo la makazi lililo nje ya Marekani huhesabiwa miaka 40 kama lilianza kupangishwa kabla ya 2018, na miaka 30 kama lilianza 2018 au baadaye. Kodi ya zuio mliyokatwa kule mnaweza kuitumia kupunguza ya Marekani kwa Fomu 1116. Kwa hiyo tafuteni hati zake sasa, kabla mpangaji hajahama nazo.

Mtego wa tatu unaniuma zaidi, kwa sababu ni wa mama wanaonyimwa haki yao. Mama anaishi Kisumu na watoto wawili raia wa Marekani, chini ya miaka 17, wenye namba za Social Security. Mwaka 2023 mshahara wake ulikuwa dola 12,500. Mtayarishaji akamwekea Fomu 2555 kwa mazoea. Kodi sifuri, ahsante, kwaheri. Lakini makato ya kawaida, yaani kiasi cha mapato kisichotozwa kodi, ya mwaka huo kwa aliye kwenye ndoa akijaza peke yake yalikuwa dola 13,850. Yaani kodi yake ilikuwa sifuri hata bila fomu hiyo! Na aliyejaza Fomu 2555 hawezi kulipwa ile sehemu ya nafuu ya kodi kwa wenye watoto (Child Tax Credit) inayorejeshwa taslimu. Asingeijaza, angepata asilimia 15 ya kila dola iliyozidi 2,500: dola 1,500 mkononi. Basi kabla ya kusaini muulizeni mtayarishaji: "Umepiga hesabu kwa njia zote mbili?" Ila tahadhari, aliyekwisha kuichagua Fomu 2555 akaifuta hawezi kuirudia ndani ya miaka mitano bila kibali cha IRS.

Ripoti ya akaunti za nje, FBAR, ni jambo la pekee. Haiendi IRS pamoja na ritani. Hujazwa mtandaoni kwa FinCEN, kitengo cha Hazina ya Marekani cha kupambana na uhalifu wa fedha, na kama sababu ya kuchelewa andikeni kwamba mko kwenye Streamlined. Unaihitaji iwapo jumla ya viwango vya juu vya akaunti zako zote ilizidi dola 10,000 wakati wowote wa mwaka. Sikilizeni vizuri: viwango vya juu vya kila akaunti, vikijumlishwa. Dola 6,000 zilizokaa benki moja Machi, zikahamishiwa benki nyingine Juni, zinahesabika 12,000. Badilisheni shilingi kwa kiwango cha Hazina ya Marekani cha tarehe 31 Desemba. Akaunti ya mama mzazi ambayo umewekwa msaini ili umsaidie kutoa fedha za hospitali, imo. Akaunti ya chama cha ukoo unayosaini kama mweka hazina, imo. Fedha si zako, saini ni yako. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Bittner, iliamua kwamba faini ya asiyekusudia, hadi dola 10,000 kabla ya nyongeza ya mfumuko wa bei, huhesabiwa kwa ripoti na si kwa kila akaunti. Ni nafuu. Lakini ripoti sita ni ripoti sita.

Kwa wale ambao mlango umeshafungwa, au walioacha nyuma yao W-2, karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa, neno moja. Dereva aliondoka 2019 baada ya kufanya kazi miezi minane. Mwajiri alituma W-2 yake IRS. Yeye hakujaza. IRS ikamtengenezea ritani yenyewe, kama mtu asiye na ndoa, bila watoto, bila gharama zake zozote, na barua ikatumwa kwenye anwani ya mwisho waliyokuwa nayo, nyumba aliyohama zamani. Barua hiyo ni halali hata kama hakuiona. Ilimpa siku 90 za kwenda Mahakama ya Kodi, au 150 kama imetumwa kwa mtu aliye nje ya nchi. Dawa yake ni kujaza ritani halisi ya mwaka ule ili ichukue nafasi ya ile, na kupeleka Fomu 8822 ya kubadili anwani. Nyaraka za W-2 zilizopotea huombwa kwa Fomu 4506-T, na huwa zinapatikana za hadi miaka kumi nyuma.

Faini ya kutojaza ni asilimia 5 ya kodi inayodaiwa kila mwezi, hadi 25. Ya kutolipa ni nusu asilimia. Mnaona tofauti? Huna fedha? Jaza hivyo hivyo, kisha omba kulipa kidogo kidogo kwa Fomu 9465. Kutojaza ndiko ghali.

Wenye grinikadi wanaotaka uraia, fomu ya N-400 itawauliza kama kuna mwaka mliacha kujaza ritani kwa kujiona si wakazi. Malizeni haya kwanza, ndipo muombe.

Bahasha ikishaondoka, msingoje barua ya pongezi. IRS haitoi cheti cha kukubaliwa kwenye Streamlined. Ritani huingia kama nyingine, na zinaweza kukaguliwa. Tunzeni risiti ya posta, nakala ya kila ukurasa, na uthibitisho wa FinCEN. Baada ya miezi kadhaa ombeni taarifa ya akaunti yenu IRS muone kama miaka yote mitatu imesomeka na kama hakuna faini iliyoingizwa kimakosa. Ikiwa imeingizwa, jibuni kwa nakala ya ukurasa wenye maneno mekundu. Na majimbo yana kodi zao: aliyeondoka California au New York bila kukata makazi yake kule aulize, aliyeondoka Texas au Florida hana kodi ya mapato ya jimbo ya kuogopa.

Tuingie maswali. Mwenye barua ya IRS yenye tarehe ya mwisho aanze, na atusomee tarehe hiyo kabla ya kitu kingine chochote.